Fundi Aliyekuwa Anarudi

Mlango wa mbao ukifungwa Septemba ukaingia kwenye fremu yake bila kelele, usiusifu haraka. Ngoja masika. Morogoro mvua zikianza kushuka kutoka Uluguru mwezi wa tatu, hewa inajaa unyevu, mbao inakunywa na kuvimba kwa upana, na mlango uliokuwa unafunguka kwa kidole unaanza kusukumwa kwa bega. Hapo ndipo wateja humtafuta fundi, na hapo ndipo simu ya fundi huwa haipatikani.

Baba yangu hakungoja kutafutwa. Aprili, mvua ikipumzika kidogo, alitia randa ya mkono, bisibisi na msasa kwenye mfuko wa salfeti, akaufunga nyuma ya baiskeli na kuzunguka Kihonda, Kichangani na Mwembesongo kwenye nyumba alizoweka milango mwaka uliopita. Anapiga hodi, anasalimia, anaufungua mlango na kuufunga taratibu huku ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha anautoa kwenye bawaba, anaulaza kwenye kigoda, anapunguza pale tu panapogusa, anaurudisha. Hatozi. Akipewa chai anakunywa, asipopewa anaaga.

Mama, ambaye ndiye aliyejua unga umebaki kiasi gani, hakuzipenda ziara hizo. "Baba watoto, hiyo ni siku nzima ya kazi unaigawa bure," alimwambia. Baba alijibu huku anakaza kamba ya baiskeli: "Wao wamelipia mbao. Mlango ukigoma watasema ni wa fundi gani?"

Msibani kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu alikuwa mpole, mcheshi na mchapakazi. Mchapakazi, sawa. Mpole hakuwa, na ucheshi wake ulihitaji mtu awe amemzoea miaka mingi ndipo aujue kuwa ni ucheshi. Sikuwalaumu, maneno ya msibani huwa yameshakatwa tayari, unavaa tu. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeitaja, na kwangu ndiyo iliyokuwa mtu mwenyewe: alikuwa anarudi. Alichokigusa, kiwe mlango, tuta au mtoto, angerudi kukikagua bila kuitwa.

Alizaliwa Matombo, upande wa mashariki wa milima, miaka michache kabla ya vurugu za 1955. Wazee wa huko wanazikumbuka. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na maji, kazi ya sulubu kwa jembe la mkono, na asiyechimba akatozwa faini. Watu wakagoma, na Matombo ndiko moto ulikowakia. Babu alikuwa miongoni mwa waliokataa. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwanawe alipopata kiwanja chake mwenyewe Bigwa, kwenye mteremko wa mawe matupu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchimba ngazi. Tulimtania kwamba Babu angefufuka amchape. "Babu yenu hakukataa ngazi," alisema. "Alikataa kuamrishwa."

Useremala aliuanzia misheni, akimshikia mbao fundi mkubwa na kufagia maranda, lakini mwenyewe alihesabu kuwa alisoma Mazimbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa wanajenga shule yao pale, kwenye lililokuwa shamba la mkonge nje kidogo ya mji. Waliipa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa chama chao cha ANC aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Palihitajika vitanda, madawati, meza na fremu za madirisha kwa mamia, na mafundi wengi wa Morogoro walipata ajira. Baba alisema kule ndiko alikojifunza kuchora kitu kwenye karatasi na kuandika vipimo vyote kabla ya kugusa msumeno. Kabla ya hapo alikuwa anapima kwa jicho, na jicho lake, kwa maneno yake, lilikuwa na majivuno. Alitoka pia na wimbo wao, ambao kwa tuni ndio Mungu Ibariki Afrika yetu, ila yeye aliuimba kwa maneno ya kwao, nusu akiyajua nusu akiyabuni, wakati wa kupiga msasa. Mwaka 1992 wageni wale walipojiandaa kurudi kwao na kuikabidhi shule kwa serikali yetu (leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Baba alibaki na sanduku la vifaa na nguvu zake. Akafungua karakana ya mabati mbele ya nyumba.

Ukikulia kwenye karakana unajifunza mbao kwa pua kabla ya macho. Mninga una harufu tamu na vumbi lake linawasha. Ndiyo mbao iliyotulia kuliko zote, haipindi ovyo, ndiyo maana kitanda cha mninga kinarithiwa. Mvule ni mgumu na una hila: ndani yake mara nyingine mna jiwe, jiwe kweli, linalojifanya lenyewe ndani ya mti kutokana na chokaa, na randa ikipita juu yake ukali wote unaisha. Baba alikuwa akisikia mlio ule wa kukwaruza anasimama hapohapo, anatoa ulimi wa randa, anakaa chini na jiwe la kunolea bila kutukana. Mkongo ulikuwa wa wenye fedha. Paina ya Sao Hill kutoka Mufindi ilikuwa ya kila mtu, na hiyo ndiyo iliyomgombanisha na wateja, kwa sababu inafika sokoni mbichi na watu wanataka kabati Jumamosi.

Hakuwa anakubali. Mbao mbichi aliipanga kwenye kivuli, vijiti vyembamba katikati ya kila ubao ili upepo upite, ncha amezipaka rangi zisipasuke, na hapo inakaa. Mteja akija anaoneshwa rundo. "Kabati lako lile pale, linakauka." Wengine waliondoka wakaenda kwa mafundi wa barabarani. Mwaka 2016, serikali ilipotaka kila mtoto shuleni awe na dawati ifikapo mwisho wa Juni, mafundi wote mjini walipata kazi ya usiku na mchana. Baba alipewa sehemu ya oda kubwa. Akatengeneza idadi ambayo mbao zake kavu zilitosha, akasimama. Aliambiwa atumie mbichi, nani atajua? Akasema dawati litajua. Oda iliyobaki ikaenda kwingine, na fedha za hayo machache zilichelewa mno hadi Mama akauza mbuzi. Sijui kama alifanya vizuri. Ada yangu ya muhula ule ilitoka kwa shangazi, na shangazi hakuacha kulisema hilo.

Bustani ndiyo iliyotulisha wakati kama huo, na ili uielewe lazima nieleze habari ya ukoo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Ardhi ya mlimani inafuata upande huo pia. Baba alikuwa na haki ya kulima Matombo kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, lakini sisi wanawe si wa ukoo huo. Baada yake shamba lingerudi kwa wapwa zake, watoto wa dada zake. Kwenye ardhi ya ukoo wa Mama nako yeye ni mgeni. Mgeni anaruhusiwa kupanda mahindi na maharage, vitu vya msimu. Akipanda mti wa kudumu, watu wanaanza kumtazama vibaya, maana mti ni kama kusema hapa ni pangu. Baba alikuwa na hamu ya miti tangu ujana na hakuwa na pa kuipanda. Ndiyo maana alinunua ule mteremko wa Bigwa ambao hakuna aliyeutaka.

Mawe yaliyotoka kwenye kuchimba aliyapanga kuwa kingo za ngazi. Ngazi za juu, karibu na jiko, mchicha, matembele na mnavu. Zinazofuata bamia, na nyanya mpaka mwaka wa kantangaze, mdudu mla nyanya. Katikati migomba na mipapai, mparachichi mmoja ambao ulikaa miaka bila kuzaa mpaka Mama akatishia kuukata, kisha ukazaa. Chini kabisa, mpakani, safu ya mitiki aliyoletewa kutoka Mtibwa ikiwa vipande vifupi vya shina na mzizi, havina hata jani. Nilidhani ni kuni.

Watu walidhani seremala ana bahati kwa sababu ana maranda ya kutandaza bustanini bure. Si hivyo. Jirani yetu aliomba viroba vya maranda, akayachanganya na udongo siku hiyohiyo, na mchicha wake ukageuka njano kama umeugua. Baba alimweleza kwamba maranda mabichi yakioza ndani ya udongo yanajilisha kwanza, yanakula ile naitrojeni ambayo mboga ilikuwa inaingojea. Yeye ya kwake aliyaanzishia banda la kuku. Kuku wanayakanyaga na kuyanyea kwa miezi, kisha yanatolewa, yanarundikwa na majani ya migomba, yanamwagiwa maji, yanapinduliwa. Yakishakuwa meusi na hayana harufu ya kuku wala ya mbao ndipo yanaingia kwenye ngazi. Ya mninga na mvule hayakuingia bandani kabisa kwa sababu ya vumbi lake. Hayo aliyamwaga njiani kwenye tope.

Kila alfajiri alishuka na tochi kabla ya chai. Alikuwa anageuza majani. Mdudu, alisema, hakai pale unapopapenda wewe; anakaa chini ya jani. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuona mistari myeupe ya kantangaze ndani ya majani ya nyanya. Yule mdudu aliingia nchini mwaka 2014 na akafagia nyanya za watu waliokopa kulima. Dawa za dukani zilimchekesha tu. Baba alifanya alichokijua: alitengeneza fremu za mbao nyembamba, akazigongelea chandarua cha matundu madogo, akazifunika juu ya kitalu kama makabati yasiyo na mlango. Miche ilitoka salama. Ilipohamishiwa kwenye ngazi ikaliwa. Mwaka uliofuata akapanda bamia sehemu yote, na nyanya tukawa tunanunua sokoni kama watu wengine, na kila zikinunuliwa alikuwa anazigeuza kutafuta tundu.

Wapwa zake walikuwa wakishuka kutoka mlimani kila Januari. Mjomba kwetu ana mzigo, na Baba aliubeba wote: ada, sare, mara moja hata faini ya mpwa aliyegonga mtu kwa bodaboda. Mama alinung'unika, na mimi mtoto nilinung'unika naye, kwa sababu viatu vyangu vilishonwa na vya mpwa vilinunuliwa. Nimeshakuwa mtu mzima na bado naona nilikuwa na haki ya kunung'unika. Mapenzi yake kwa jamaa yalikuwa mapana kuliko mfuko wake, na mfuko huo tuliuchangia sote. Lakini mpwa mmoja alibaki karakana, akafagia maranda kama yeye alivyofagia, akawa fundi.

Mimi nilipangiwa kazi Dodoma mwaka 2017, ualimu. Nikamwomba kabati la nguo. Badala ya kabati zikaja mbao, zimefungwa kamba, kwenye buti ya basi kutoka Msamvu. Nikapiga simu kuuliza. "Zilaze chini ya kitanda," alisema. "Weka vijiti katikati." Dodoma ni kukavu, mvua inakatika Aprili au mwanzoni mwa Mei na upepo unakausha kila kitu hadi Novemba. Kabati lililoungwa Morogoro likifika kule linasinyaa, maungio yanaachia, milango inaonesha mwanga katikati. Mbao zilitakiwa zisinyae kwanza kwa raha zao, ndipo zikatwe. Nililalia kabati langu tangu Juni mpaka Oktoba. Wageni walidhani nafungua duka la majeneza.

Oktoba akaja kuliunga. Mwaka ule ndoa yangu ilikuwa haisemeki. Sikuwa nimemwambia mtu nyumbani, na Baba hakuuliza. Aliunga kabati kwa ulimi na tundu, msumari hakuna, na akiwa anasubiri gundi ishike akazunguka nyumba nzima akifungua na kufunga milango. Mlango wa mbele ulikuwa umepigwa teke, ubao wa fremu umechanika karibu na kitasa. Aliupapasa mpasuko ule kwa kidole gumba, muda mrefu kuliko fundi anavyohitaji. Akaniuliza duka la vifaa liko wapi. Alirudi na kitasa kipya na bawaba nzito, akatoa kipande kilichochanika, akapachika kingine, na jioni akaniwekea funguo mezani. "Hizi hapa zote tatu," akasema. "Ya akiba usimpe mtu."

Hakusema lingine kuhusu hilo mpaka anakufa. Kesho yake aliamka alfajiri akaanza kuchimba uani. Nilitegemea ngazi, akachimba mashimo mapana ya kina kifupi, majaruba, kwa sababu kule maji ukiyapata hutaki yaende popote. Jirani yangu, bibi wa Kigogo, alisimama kwenye uzio akimsahihisha kwa sauti, na Baba ambaye hakusahihishwa na mtu Morogoro akawa anamsikiliza na kusema "naam, mama." Aliondoka na kifurushi cha mlenda uliokaushwa. Januari akarudi, basi la asubuhi, akasema amekuja kuangalia kama kabati limetulia.

Kifua kilimsumbua miaka ya mwisho. Kuvuta vumbi miaka yote ile bila kujifunga hata kitambaa. Tulimnunulia barakoa, akazitumia kufunika miche. Alilazwa Novemba, akafariki kabla ya Krismasi.

Jeneza lilichongwa na mpwa wake, kwa mninga mkavu uliokuwa juu ya dari ya karakana. Siku ya mazishi, watani wakafanya yao. Mmoja aliingia chumbani akavaa ovaroli la Baba na kofia yake, akachomeka penseli sikioni, akatoka mbele ya waombolezaji wote na futi mkononi. Alilizunguka jeneza akipima, akitikisa kichwa, akigonga maungio kwa kifundo cha kidole. "Nani kafanya hii kazi? Mbao imekauka lini? Mnataka mimi nilale humu, masika ikija nibanwe?" Mama, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu juzi yake, alicheka hadi akashikwa mabega. Mtani alikataa tumtoe marehemu mpaka alipwe faini ya kazi ya haraka. Tukachanga. Tukaenda Kola tukazika.

Baada ya arobaini wazee wa ukoo wake walishuka kutoka Matombo kugawa vifaa, na kikao hakikuwa kizuri. Kwa mila vifaa vya mjomba vinakwenda kwa mpwa. Kaka yangu, ambaye hajawahi kushika randa, alisema ni vya watoto. Kilichotuokoa ni daftari. Baba alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyefundishwa kuandika vipimo: jiriwa na randa zote kwa mpwa, mashine ya kukatia iuzwe deni la benki liishe, patasi ndogo kwa binti wa Dodoma. Kurasa za nyuma zilikuwa na orodha ya nyumba, mtaa kwa mtaa, na mwezi alioweka milango. Mpwa ameendelea kuzipitia. Yeye anatoza, na Mama ndiye aliyempangia bei.

Mzozo uliobaki ni mitiki. Imenenepa, na wanunuzi wanapita wanaipima kwa macho kutoka barabarani. Kaka anataka iuzwe tugawane. Mwezi uliopita alimleta mmoja mwenye fedha mkononi. Mama alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza mbao zikishapasuliwa zitakaushiwa wapi. Yule bwana akasema zinapanda lori siku hiyohiyo. Mama akamwambia amalize chai yake, miti haiuzwi. Kaka hajampigia simu tangu siku ile. Bei, kwa kweli, ilikuwa nzuri.